Mguu Unaofungwa na Mguu Usiofungwa

Mama yangu hajawahi kupona kitu peke yake. Akipona mafua, nusu ya mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, itakunywa tangawizi aliyokunywa yeye. Akipata nafuu ya mgongo, chupa ya dawa ya kuchua itazunguka kwa majirani mpaka irudi tupu. Kwake, kuficha dawa iliyokuponya ni choyo kibaya kuliko kuficha chakula. Ndivyo walivyolelewa yeye na kaka yake kule Lusu, upande wa Nzega: aliyepona humpelekea anayeumwa, na anayeumwa hapeleki maswali, anatumia. Zamani tabia hiyo niliipenda sana. Siku hizi nikimwona mama anafunga kitu kwenye mfuko ili kimfikie mgonjwa mahali, moyo unanienda mbio.

Kidonda chake kilikuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kilianza kama mkwaruzo wa ukuni, kikakaa misimu miwili ya mvua. Tulikimwagia unga wa vidonge vya rangi mbili, tukapaka asali, tukafunga na kufungua vipande vya khanga ambavyo mimi, fundi cherehani, sikukosa kamwe. Kilitoa majimaji mpaka kandambili zikawa zinateleza. Ikifika jioni mguu umevimba, na ngozi kukizunguka ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi iliyochacha. Watu walisema ni donda ndugu. Kwetu kidonda chochote kisichopona huitwa hivyo, na kikishapewa jina hilo hakuna anayeuliza tena kimetoka wapi. Wengine walinivuta pembeni wakaniambia mama amekanyaga kitu alichotegewa. Niliwajibu vibaya. Sina subira na maneno ya namna hiyo, na wala sina subira kwa jumla, anayenijua anajua.

Mwishowe tulifika kliniki ya vidonda. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na nilimpenda palepale. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hakukitazama kidonda. Aliweka vidole viwili juu ya unyayo wa mama, akafumba macho, akawa kama anasikiliza mlango wa jirani. Kisha akapaka ute wa baridi, akagusisha kifaa kidogo kama kalamu, na chumba kikajaa sauti: shwaa, shwaa, shwaa. Mama alishtuka akauliza kama hiyo ni damu yake. Akaambiwa ndiyo, inashuka vizuri. Akapimwa presha ya mkono, halafu ya kifundo cha mguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, nikadhani muuguzi amekosea mahali.

Aliuliza maswali mengi, na moja ndilo lililonikaa. Alitaka kujua mama akiinua mguu juu ya stuli inakuwaje. Mama akasema hapo ndipo anapopata raha, uvimbe unashuka na mguu unakuwa mwepesi. Muuguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatueleza kwamba mishipa inayorudisha damu juu imechoka, damu inatuama chini, ngozi inaloa kwa ndani mpaka inapasuka, na ndiyo maana unga wetu wote wa vidonge ulikuwa kazi bure. Mguu kama huo unahitaji kubanwa ili damu isukumwe irudi. Akanionyesha jinsi ya kufunga bandeji za kuvutika: kuanzia vidole vinapoanzia, kuzunguka kisigino, kupanda mpaka chini ya goti, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita, ukibana chini zaidi kuliko juu. Mikono yangu ilielewa haraka, kwa maana lastiki ni kazi yangu.

Halafu akanishika kiganja, akanitazama mimi na si mama, kwa sababu mimi ndiye ningefunga.

"Sikiliza. Upo mguu mwingine ambao damu haishuki ya kutosha. Huo ukiufunga hivi, unaunyonga. Usimfunge mtu ambaye hajapimwa."

Akanitajia dalili zake bila kupumzika: unyayo wa baridi, kidonda kikavu chenye shimo, mara nyingi vidoleni au pembeni mwa mguu, misuli inayokaza ukitembea na kuachia ukisimama, na maumivu yanayozidi mguu ukiinuliwa. Wengi wao, alisema, ni wavutaji wa siku nyingi au watu wa sukari. Mama alikuwepo. Lakini alikuwa anautazama mguu wake uliofungwa vizuri, mweupe kama wa mchezaji mpira aliyeumia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha pona.

Na kweli alipona. Kidonda kilipungua, kikawa kama sarafu, kikawa kama mbegu ya papai, kikafunga. Muuguzi alimwambia asiache kuufunga mguu hata baada ya hapo, maana mishipa iliyochoka haipumziki ikawa mipya. Mama akatii kwa fahari. Alikuwa akikaa barazani amenyoosha mguu ili wapita njia waulize.

Sasa nije kwa mjomba. Kaka yake mama amebaki Lusu akilima mpunga. Ujana wake wote alibeba magunia kwa baiskeli mpaka Nzega mjini, na mpaka leo hamna anayefunga mzigo kama yeye. Anavuta sigara za kusokota mwenyewe tangu kabla sijazaliwa. Ni mcheshi, mkaidi, na mama anampenda kuliko alivyowahi kumpenda baba yangu, jambo ambalo marehemu alikuwa akilitania mwenyewe. Nilijua mjomba ana kidonda mguuni. Nilichokuwa sijui ni kwamba mama alikwisha nunua bandeji mpya, zinazofanana kabisa na zake, kwenye duka la Mhindi karibu na soko, akazituma Lusu kwa mfanyabiashara wa mchele, pamoja na maelezo ya mdomo.

Nilijua mchana mmoja nikiwa nashona sare za shule. Mama aliketi mlangoni anaongea na mjomba, simu ameiweka sauti ya juu kama kawaida yake, mtaa mzima uhudhurie. Walianza na mvua, wakaja kwenye mpunga, wakaja kwenye mguu. Mama akamuuliza kama anaifunga kila siku. Mjomba akajibu kwa majivuno kwamba anaifunga tena vizuri sana, ila ile bandeji ilikuwa inalegea, kwa hiyo ameongezea mpira wa tyubu juu yake. Mama akacheka, akasema huyo ndiye kaka yake.

Mimi bado nilikuwa nashona. Ndipo mjomba akasema kwamba maumivu ni makali lakini anavumilia, dawa isiyouma si dawa. Tatizo lake ni kulala tu. Kitandani hawezi kabisa, mguu ukinyooka unawaka moto. Analala amekaa kwenye kiti, mguu unaning'inia chini, hapo ndipo anapumua.

Mguu wangu uliacha pedali wenyewe. Nikasimama, nikaichukua simu mkononi mwa mama bila adabu yoyote, nikamwambia mjomba aufungue mguu sasa hivi. Akaanza kunisalimia, akiuliza habari za watoto. Nikarudia kwa kupiga kelele. Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana, na haikupatikana tena siku hiyo. Yule mzee huchaji simu yake kwenye duka la jirani pale anapokumbuka.

Mama alinikasirikia. Aliona nimemvunjia heshima kaka yake mbele ya majirani. Nilimwambia avae viatu, tunakwenda Lusu. Akauliza kwa nini, na nilimjibu kwa ukali ambao sikuupima: kwamba bandeji ile inamnyonga mguu kaka yake. Alivaa viatu.

Tulipata basi la Nzega. Nilikaa dirishani nikipiga simu ileile, nikisikia sauti ileile ya kike ikinieleza kwa upole kwamba mteja hapatikani, mpaka nikatamani kumtukana. Karibu na Puge mama akaanza kuongea, taratibu, akitazama mbele. Alisema wametoka tumbo moja. Walipougua surua waliugua pamoja na wakapona kwa dawa moja. Miguu yao inafanana, hata watu humtambua mmoja wao kwa mwendo wa mwenzake. Kidonda chake kilikuwa mguuni, cha kaka yake kiko mguuni. Kama dawa imemponya yeye, itamdhuru vipi mwenzake? Nilimuuliza kidonda cha mjomba kiko wapi hasa. Akasema kwenye kidole gumba, na kingine kidogo pembeni mwa unyayo. Nikamuuliza kama kinatoa maji. Hapana, akasema, ni kikavu, na alidhani ukavu ni heri.

Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema neno ambalo hatutaweza kulirudisha. Akanigeukia.

"Unataka kuniambia nimemuua kaka yangu?"

"Nataka tufike, mama."

Nzega tulichukua bodaboda mbili. Njia ya kwenda Lusu ilikuwa na madimbwi, na majaruba ya mpunga pande zote yalikuwa yamejaa maji. Yangu ilitangulia, nikawa nageuka kila mara kuhakikisha ya mama inakuja. Nilikuwa naomba Mungu kwa maneno mafupi mafupi, kama mtu anayebishana na karani.

Mjomba tulimkuta amekaa kivulini, nje ya nyumba, kwenye kiti chake, mguu chini, kitenge kimefunika magoti. Alifurahi mno. Na hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau njia nzima: kwamba kule huwezi kufika kwa mjomba wako ukamrukia mguuni. Nikapiga magoti, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu. Mke wake akatoka jikoni akifuta mikono, naye akampigia mama magoti, salamu nyingi za kwao, za Tabora, za safari, za watoto, za mvua. Viti vikaletwa. Maji yakaletwa. Kuku akaanza kufukuzwa nyuma ya nyumba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa kile kitenge, na kila salamu iliyoongezwa niliihisi shingoni.

Nikasema, mjomba, naomba nione mguu. Akasema tutauona, kwanza mle. Nikasema hapana, sasa. Mke wake akanitazama kama nimetukana. Mjomba yeye akacheka, akapiga paja lake.

"Mnajisumbua bure. Tangu tulipoongea hauumi tena. Umepona."

Mama alinitazama kuona nimeipokeaje habari hiyo njema, na nadhani usoni pangu ndipo alipoelewa. Aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akaondoa kitenge.

Mpira mweusi wa tyubu ulikuwa umezungushwa juu ya bandeji kutoka kifundoni mpaka karibu na goti, umevutwa na kuchomekwa kwa ule ufundi wake, bila nafasi ya kupitisha hata ukucha. Ulikuwa umefungwa vizuri mno. Ndicho kilichonitia uchungu kuliko vyote, kwamba mtu alikuwa ameifanya kazi ile kwa moyo. Mama alishindwa kuchomoa ncha. Mjomba akawa anamwelekeza, bado anatabasamu, vuta huku, sasa zungusha. Nilichukua mkasi wangu kwenye mkoba nikaukata. Akasikitika, akasema ule ulikuwa mpira mzuri.

Bandeji ikatoka. Vidole vyote vilikuwa vimegeuka rangi, kile gumba kikiwa cheusi kabisa, na weusi ulikuwa umepanda juu ya unyayo. Ngozi ya ugoko ilikuwa inang'aa, haina hata unywele mmoja. Niliweka vidole viwili mahali yule muuguzi alipokuwa ameviweka kwa mama. Ulikuwa baridi kama chungu cha maji. Nilisubiri, nikasogeza, nikasubiri tena, nikajaribu kujidanganya kwamba napata kitu, lakini mapigo niliyokuwa nayahisi yalikuwa ya vidole vyangu mwenyewe.

"Mjomba, unasikia nikikugusa hapa?"

Alinitazama kwanza mkono, ndipo akajibu.

"Wapi?"

Hapo tabasamu lake likaondoka.

Jirani mwenye gari la kubebea mpunga alitupeleka Nzega hospitalini. Mjomba alitaka mguu uinuliwe juu ya gunia, kama alivyosikia mama akisifia, nikakataa, nikaushikilia chini mimi mwenyewe, nimeufunika kwa khanga bila kuubana. Daktari aliyetupokea hakutukaripia. Alipima, akasikiliza, akapiga simu, na tukapelekwa mbele zaidi, kwenye hospitali kubwa, huku kila tunapofika sura za watu zikizidi kuwa za upole. Nilizichukia zile sura.

Waliukata chini ya goti.

Daktari wa upasuaji alikaa na sisi kwenye benchi. Alisema mishipa ya kupeleka damu ilikuwa imeziba kwa miaka, moshi umefanya kazi yake, na kwamba mguu ule ulikuwa hatarini hata kama asingeufunga mtu. Pengine wangeokoa unyayo, pengine wangekata kidole tu, pengine nao usingepona. Lakini kiasi kidogo cha damu kilichokuwa bado kinapita, bandeji na ule mpira vilikizuia. Alilisema mara moja tu, bila kulilemba, nami namshukuru kwa hilo. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Akauliza kama mwanafunzi: yaani bandeji ileile? Daktari akasema ndiyo. Kwako inasukuma damu inayogoma kurudi. Kwake ilizuia damu iliyokuwa inajikongoja kufika.

Mjomba alikuja kuuguzwa kwetu Ng'ambo. Nilimpisha chumba changu, mke wake akalala na mama. Alikuwa mgonjwa msumbufu, anataka sigara, anakataliwa, ananuna, halafu anatuchekesha. Kidonda cha mkato kilipona taratibu. Aliyekuwa haponi ni mama. Alimpikia kaka yake, alimfulia, alimwogesha, na hakumtazama machoni hata mara moja. Akiingia na uji alikuwa anaongea na bakuli.

Nikaja kugundua kwamba ameacha kufunga mguu wake. Alikuwa amevaa soksi ndefu za shule za mwanangu ili nisione. Nilipoona sakafu ina matone ya maji kutoka jikoni mpaka mlangoni, nikamkalisha kwa nguvu na kuvua soksi. Kidonda kilikuwa kimefunguka palepale, na mguu umevimba kuzunguka kama mihogo iliyolowekwa. Nilifoka. Nilimwambia mguu wake si wa kaka yake, ulipimwa, damu inashuka, nilisikia kwa masikio yangu. Nilimwambia kwamba kuacha kuufunga hakumrudishii mjomba hata kucha. Nilisema na mengine. Aliniacha nimalize.

"Sitaifunga tena," akasema. "Nitajisikiaje mimi nipone kwayo?"

Nilikwenda uani nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimeshindwa. Dalili zote nilizifahamu, nilijua mguu upi unafungwa na upi haufungwi, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na kazi mbele ya mwanamke aliyeamua kujilipiza mwenyewe.

Mjomba alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Siku hiyo hakusema. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alitoka kwa magongo yake bila kusaidiwa, akaja kukaa kwenye mkeka sebuleni, pembeni ya mama. Aliomba bandeji. Nilimletea. Mama akataka kuinuka, akamshika mkono.

Alikunja suruali. Akakiweka kisiki chake mbele yake, kikiwa wazi, ili akione. Mama akageuza uso pembeni.

"Tazama," mjomba akasema. "Huu wangu umekwenda. Bandeji ulinitumia kwa sababu unanipenda, nami niliikaza kwa sababu ni mbishi. Lakini huo ukiuozesha makusudi kwa ajili yangu, mdogo wangu, hilo sitakusamehe."

Mama alikitazama kile kisiki. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikitazama hasa, tangu hospitali. Alikigusa kwa kiganja, pole pole, pale ngozi ilipokunjwa na kushonwa. Alilia kwa sauti, mpaka mke wa mjomba akatoka jikoni kuona kuna nini.

Kisha akaunyoosha mguu wake juu ya mkeka. Nilikisafisha kidonda, nikaanza kufunga, kuanzia vidoleni. Mjomba aliishika ncha ya bandeji ili isiteleze, na hakuiachia mpaka nilipofika chini ya goti.